Ng'ambo ya Ruvuma: Mrengo Mkali wa Kulia Unavyoutazama Ubepari na Ukomunisti

Kwa miaka 48, tangu mapinduzi ya kijeshi ya Mei 1926 hadi Aprili 1974, ng'ambo ya mto Ruvuma, yaani Msumbiji, ilitawaliwa na serikali ya Kireno iliyowafunga wakomunisti, ikawasema vibaya mabepari wa kimataifa, na papo hapo ikawachapa Wamakonde viganjani ili walime pamba ya viwanda vya nguo vya Ureno. Aliyezoea kuzigawa siasa mafungu mawili, bepari huku na mkomunisti kule, ataona hapo pana mkanganyiko. Waliokuwa madarakani hawakuuona. Mrengo mkali wa kulia umefanya mambo ya namna hiyo karibu kila ulikoshika dola, na mtu wa Mtwara hana haja ya kusafiri mpaka Ulaya kuujua, maana uliwahi kuwa jirani yake.

Makala haya ni ya msomaji anayekutana na maneno "mrengo mkali wa kulia" redioni, kwenye simu au kwenye somo la historia, akabaki anajiuliza: hawa jamaa wanataka mali iwe ya nani? Ni ya mwenye ndugu Ulaya pia, ambako vyama vya aina hiyo sasa vinapata kura nyingi.

Ni watu gani hao

Tunapotaja mrengo mkali wa kulia tunakusudia vyama na serikali zinazoliweka taifa moja, au watu wa asili moja, juu ya wengine wote. Zinazoamini kuwa binadamu hawako sawa na hawapaswi kuwa sawa. Na zinazodai taifa limeoza au limeingiliwa, kwa hiyo linahitaji mkono wa chuma. Mafashisti wa Italia chini ya Mussolini na Wanazi wa Ujerumani ndio wanaojulikana zaidi. Kuhusu António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu wa Ureno tangu 1932 hadi 1968, wanahistoria wanabishana kama aitwe fashisti kamili au dikteta mhafidhina. Aliwahi hata kukipiga marufuku chama cha mafashisti wa kwao waliovaa mashati ya bluu, mwaka 1934, kwa kuwa hakutaka mshindani. Mkulima wa Mueda, kule Cabo Delgado, hakuona tofauti kubwa.

Wanachokichukia katika ukomunisti

Watu wengi hudhani chuki hiyo inatokana na mapenzi kwa matajiri. Mapenzi hayo yapo, lakini kisa cha kwanza ni kingine. Mkomunisti anamwambia kuli wa Bandari ya Mtwara kwamba ndugu yake ni kuli wa Lisbon na kuli wa Hamburg, na kwamba wote watatu wananyonywa na mwenye meli. Kwa mtu wa mrengo mkali wa kulia hayo ni maneno ya uhaini. Yeye anataka kuli wa Hamburg amwone mwenye meli wa Hamburg kuwa ndugu yake wa damu, na kuli wa Mtwara kuwa mtu wa daraja la chini aliyezaliwa kutumwa. Mgawanyiko wa matabaka anauita fitina iliyoletwa na wageni. Mgawanyiko wa asili na rangi anauita maumbile.

Ndiyo maana wa kwanza kukamatwa huwa ni watu wa vyama vya wafanyakazi. Kambi ya Dachau ilifunguliwa Machi 1933, na wafungwa wake wa mwanzo walikuwa hasa wakomunisti na wasoshalisti wa Ujerumani. Tarehe 2 Mei mwaka huohuo ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa nchi nzima. Mussolini mwenyewe alikuwa mhariri wa gazeti la wasoshalisti hadi 1914. Alipogeuka, aliwajua wenzake wa zamani kwa majina na anwani. Ureno nayo ilijenga kambi ya Tarrafal katika visiwa vya Cape Verde mwaka 1936, na katibu mkuu wa chama cha kikomunisti cha Ureno, Bento Gonçalves, alifia humo mwaka 1942.

Kwa Salazar kulikuwa na la dini pia. Alisoma seminari kabla ya kuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Coimbra, na ukomunisti kwake ulikuwa ukafiri kabla ya kuwa hesabu mbaya.

Wanachokisema juu ya ubepari, na wanachokitenda

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu maneno yao yanaweza kufanana kabisa na ya mjamaa. Waliosoma shule enzi za Mwalimu walikariri kuwa ubepari ni unyama, wakawajua kupe na mirija. Mtu aliyelelewa na msamiati huo akisoma programu ya chama cha Nazi ya Februari 1920 anaweza kutikisa kichwa kukubali: inaahidi kuvunja utumwa wa riba, kutaifisha makampuni makubwa yaliyoungana, na kugawana faida ya viwanda vikubwa.

Lakini soma kwa makini ni bepari yupi anayeshambuliwa. Ni mwenye benki, mkopeshaji, mgeni. Mwenye kiwanda cha chuma hasemwi, mradi awe Mjerumani. Huyo anasifiwa kuwa anajenga. Kisha mwenye benki anapewa sura ya Myahudi, na hapohapo Myahudi huyohuyo anatajwa kuwa ndiye aliyeleta ukomunisti Moscow. Kwa hila hiyo moja mabwanyenye wa New York na wanamapinduzi wa Urusi wanakuwa adui mmoja, na swali la nani anamlipa nani mshahara gani linageuka kuwa swali la damu.

Walipopata madaraka, ahadi za 1920 ziliwekwa kabatini. Gregor Strasser, aliyekuwa sauti kubwa ya wale walioitaka sehemu ya ujamaa katika jina la chama, aliuawa 30 Juni 1934. Benki kubwa ambazo serikali ilikuwa imezinunua wakati wa mdororo wa uchumi zilirudishwa mikononi mwa watu binafsi. Wafanyakazi waliingizwa kwenye chombo kimoja cha chama, bila haki ya kugoma.

Salazar alikuwa na lugha tulivu zaidi, lakini njia yake ilikuwa ileile. Katiba ya 1933 na sheria yake ya kazi ya mwaka huo ziliwapanga wenye viwanda na wafanyakazi wa kila sekta katika vyama vilivyoidhinishwa na serikali. Mgomo ulipigwa marufuku. Mwenye kiwanda naye alikatazwa kuwafungia wafanyakazi mlango. Kwenye karatasi mizani ilikuwa sawa. Ila mwenye kiwanda alibaki na kiwanda, na mfanyakazi aliyelalamika alitembelewa na polisi wa siri. Isitoshe, tangu 1931 mtu hakuruhusiwa kufungua kiwanda kipya katika sekta nyingi bila kibali cha serikali, na kibali hicho kiliwakinga matajiri waliokwisha kuwepo dhidi ya washindani wapya. Serikali iliyosema haiwapendi mabwanyenye ililea koo chache zilizoshika uchumi wa Ureno, ukoo wa Mello ukiwa mmojawapo.

Kuhusu mtaji wa kigeni, sheria ya 1943 ilitaka makampuni ya sekta muhimu yawe na wenye hisa wengi wa Kireno. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya taifa. Ilipofika 1965 vita vya Ureno katika makoloni yake ya Afrika vilikuwa vinakula fedha, na milango ikafunguliwa. Bwawa la Cahora Bassa kwenye mto Zambezi likajengwa na muungano wa makampuni ya Afrika Kusini, Ujerumani na Ufaransa. Adui wa jana alikaribishwa mezani kwa kuwa alikuja na pesa.

Pamba ya Cabo Delgado

Turudi nyumbani. Tangu 1891 hadi 1929 eneo lote la kusini mwa Ruvuma, Niassa na Cabo Delgado, lilikuwa chini ya Kampuni ya Niassa, kampuni ya wenye hisa iliyopewa haki ya kutoza kodi na kuwa na askari wake. Huo ulikuwa ubepari usio na aibu: kodi ya kichwa, na watu kupelekwa kufanya kazi mbali. Utawala wa kijeshi uliotangulia kumleta Salazar haukuuongeza muda wa kampuni hiyo. Bendera ya kampuni ikashuka, ya taifa ikapanda. Angekuwepo mwandishi wa habari siku ile angeweza kuandika kwamba serikali imewashinda mabepari.

Kilichofuata ni hiki. Serikali ilizigawa wilaya kwa makampuni ya pamba. Kila kampuni ilipata eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuwa na mnunuzi mwingine. Bei ilipangwa na serikali, chini sana, ili viwanda vya nguo vya Ureno vipate malighafi rahisi bila kutumia fedha za kigeni. Mtu aliyeitwa mzawa alipimiwa shamba la pamba atake asitake, mwanamke naye akapimiwa lake. Wasimamizi walipita kukagua palizi. Aliyeonekana mvivu aliitwa, akanyoosha viganja, akapigwa kwa palmatória, kibao cha mti chenye matundu. Matundu hayo yanavuta ngozi na kuiumua. Siku ya soko, baada ya kutembea na mzigo kichwani, mkulima alisimama mbele ya mizani asiyoisoma, na mnunuzi ndiye aliyeamua kama pamba ni ya daraja la kwanza au la pili. Muhogo na mtama vilichelewa shambani kwa sababu ya pamba, na njaa ikafuata.

Waliochoka walivuka mto. Wamakonde wengi wa upande wa pili waliingia Tanganyika wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, ambako Mwingereza naye hakuwa malaika, lakini mshahara ulionekana na mtu aliweza kuacha kazi. Haki hiyo ya kuacha kazi ikumbukwe.

Lázaro Nkavandame, mfanyabiashara wa Kimakonde, alianzisha ushirika wa wakulima wa pamba huko Mueda mwaka 1957. Huu haukuwa ukomunisti. Walikuwa watu waliotaka kuuza pamba yao wenyewe na kupata faida, jambo ambalo bepari yeyote angelielewa. Ushirika ulipokua, wakuu wa Kireno waliutilia shaka na kuubana. Serikali iliyodai kulinda mali binafsi haikuweza kuvumilia mali binafsi ya Mwafrika aliyejipanga na wenzake. Naye Nkavandame hakuwa mtakatifu: baadaye, akiwa kiongozi wa Cabo Delgado wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wenzake walimshutumu kuwa anayaendesha maduka ya wananchi kwa faida yake, na mwaka 1969 akahamia kwa Wareno.

Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika Mueda. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walikuwa wametoka Tanganyika kwenda kumweleza gavana madai ya watu. Walikamatwa, umati ukapiga kelele, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. FRELIMO imekuwa ikisema ni zaidi ya 500, lakini wapo watafiti wanaoamini ni wachache mno kuliko hao.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam miaka miwili baadaye, 25 Juni 1962, ikafyatua risasi ya kwanza ya vita huko Chai tarehe 25 Septemba 1964. Kwa Lisbon jibu lilikuwa tayari: hao ni magaidi wa kikomunisti wanaotumwa na Peking na Moscow. Rais wao, Eduardo Mondlane, alikuwa msomi wa sosholojia aliyesoma Marekani, akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Kweli silaha zilitoka China na Urusi, na wakufunzi wa Kichina walifika Nachingwea. Nchi za Magharibi zilikuwa na Ureno kwenye NATO tangu 1949, kwa hiyo zisingempa Mondlane bunduki. FRELIMO ilijitangaza kuwa chama cha Umarx na Ulenin Februari 1977, miaka 13 baada ya kuitwa hivyo na Wareno, na ikaiacha itikadi hiyo mwaka 1989.

Jina la mkomunisti, basi, lilitangulia ukomunisti. Mkulima aliyeuliza bei ya pamba alipewa jina hilo, na kwa jina hilo Salazar alipata uvumilivu wa marafiki zake wa Magharibi. Mtwara ililipa gharama yake. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake hapa mjini, iliyopewa jina la Dk. Américo Boavida, ambako majeruhi kutoka ng'ambo walitibiwa. Vijiji vya kandokando ya mto vilikumbwa na mabomu. Hata baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, waasi wa RENAMO, walioanzishwa kwa mkono wa Rhodesia na kisha kulelewa na Makaburu wa Afrika Kusini, walijinadi kwa wafadhili wa nje kuwa wapiganaji dhidi ya ukomunisti. Makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa wakipigana na waasi hao, pale Naliendele, yanatokana na sura hiyo ya pili.

Serikali kuingilia soko si kipimo

Msomaji wa Mtwara anaweza kuuliza: mbona serikali nyingi zimewaingilia wakulima? Swali zuri. Gati la maji marefu la bandari yetu lilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya chama cha Labour cha Uingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951. Karanga hazikustawi, reli ya Nachingwea ikang'olewa, bandari ikabaki. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, wengine kwa nguvu, kwa jina la ujamaa. Novemba 2018 Rais Magufuli aliwaweka kando wanunuzi binafsi na kuagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Unaweza kuyasifu au kuyalaumu mambo hayo, na mimi ninayo ya kulaumu, lakini hayatoshi kumfanya mtu kuwa wa mrengo mkali wa kulia. Mabavu hayana chama kimoja.

Kilichoitofautisha pamba ya Salazar ni sheria ya wazawa, iliyodumu mpaka 1961, ambayo iliwagawa watu kwa kuzaliwa. Mreno alikuwa raia mwenye vyama, mahakama na mkataba, hata kama vyote vilikuwa chini ya ulinzi. Mmakonde alikuwa mzawa, na mzawa alipangiwa kazi. Serikali moja ilikuwa na uchumi wa aina mbili kwa watu wa aina mbili.

Kuwasikiliza wa leo

Vyama vya sasa vya Ulaya vinatofautiana sana juu ya soko, na usishangae kimoja kikibadilika ndani ya miaka michache. AfD ya Ujerumani iliasisiwa 2013 na watu walioipinga sarafu ya euro, wakiwemo maprofesa wa uchumi wanaotaka soko huria. Nchini Ufaransa Jean-Marie Le Pen wa miaka ya 1980 alimsifu Reagan na kodi ndogo. Binti yake Marine, tangu 2011, anaahidi kulinda pensheni na huduma za umma. Chega cha Ureno kiliingia uwanjani 2019 na programu ya kuiondoa serikali kwenye utoaji wa elimu na afya, kisha kikalegeza. Uchaguzi wa Mei 2025 ulikipa viti 60, kikawa cha pili kwa wingi bungeni. Wengine wanataka serikali ndogo, wengine kubwa. Wanakutana kwenye jambo moja: chochote kitakachogawiwa, kiwe ajira, nyumba au hospitali, kigawiwe kwanza kwa asili. Ndugu yako anayesukuma mkokoteni wa usafi Lisbon anakatwa kodi ileile, ila kwenye hotuba zao yeye ndiye mzigo.

Kwa hiyo ukimsikia mwanasiasa, wa kwao au wa kwetu, akiwatukana mabepari, ngoja amalize sentensi. Akitaja mishahara, kodi na mikataba, anazungumza uchumi, na unaweza kubishana naye kwa hesabu. Akitaja kabila, dini au ngozi ya mwenye duka, amekwisha kuhama. Idi Amin hakuwa mtu wa mrengo huo kwa maana ya Ulaya, lakini Agosti 1972 alipowafukuza Waasia wa Uganda hatua hiyo aliiita vita vya uchumi, na maduka yakaishia kwa askari na wale ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Mkulima wa kahawa hakupata kitu.

Vilevile akimwita mtu mkomunisti, angalia huyo mtu alikuwa anadai nini dakika tano kabla ya kuitwa hivyo. Na uliza habari za vyama: wafanyakazi wataruhusiwa kugoma? Wakulima wataruhusiwa kuwa na ushirika wasioupenda wakubwa? Mtu anaweza kuacha kazi na kuondoka? Majibu ya maswali hayo yatakuambia mengi kuliko msimamo wake juu ya soko huria.

Waliolima pamba ya lazima wakavuka mto wangali wapo, katika vijiji vya Kitaya na Mahurunga, Newala na hata Mikindani, lakini aliyekuwa na miaka 15 siku ya Mueda sasa amepita 80. Walimu wa historia wa mkoa huu, wapelekeni wanafunzi kwa wazee hao muhula huu. Waende na simu za kurekodi na waulize bei, mizani na viboko, kisha nakala ziwekwe maktaba ya shule.